Jicho la Kushoto la Nyundo

Makapeni, ile kalamu ya wino mzito, haifutiki. Ukikosea pua, ndiyo umekosea, na mwenye pua ataibeba hivyo hivyo mpaka karatasi ioze. Ndiyo maana kazi hii haitaki hasira. Sasa nyie niambieni, siku ile ningeanzaje kukosa hasira?

Nilikuwa sebuleni kwa mama, namchora mdogo wangu, huyu niliyemwachia ziwa. Watu wanamwita Nyundo. Ni bondia, alikuwa na pambano jioni ile ile, na kocha wake alitaka sura yake kubwa ibandikwe mlangoni mwa ukumbi. Kocha mwenyewe alikuwa kajimwaga kwenye kochi letu kama mwenye nyumba, anakunywa chai yetu. Mama alikuwa pembeni anapiga pasi bukta ya pambano. Bukta hiyo Nyundo hukabidhiwa na mama kwa mkono wake. Asipopewa na mama, Nyundo hapandi ulingoni, ndivyo alivyo tangu aanze ngumi.

"Kunja sura basi," nikamwambia. "Nachora bondia, sichori bwana harusi."

"Dada nawe! Si unichore tu nilivyo mzuri?"

Mama akacheka. Nikamaliza taya kwa nyeusi, mashavu kwa kahawia, nikaacha macho. Macho huwa nayaweka mwisho. Nikasimama upande wake wa kushoto nimtazame vizuri, nikamrushia kifuniko cha makapeni. "Daka!"

Kikampiga shavuni, karibu kabisa na jicho. Hakudaka. Hakukwepa. Hata kupepesa hakupepesa, mtu ambaye kazi yake ni kukwepa ngumi!

"Nyundo," nikamnong'oneza, "hilo jicho lina nini?"

"Halina kitu." Lakini kabla ya kunijibu alimtazama kocha kwanza, na kocha akatazama chai yake. Damu ikanichemka. Kumbe wanajua! Wawili hawa wanajua, na bado wanataka kumpandisha ulingoni apigwe upande asiouona, mpaka na la pili liende.

"Ni uchovu tu, dada," kocha akanong'ona. "Daktari kampima. Kasoma herufi zote ukutani."

"Kazisoma, au ulimkaririsha?"

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

Nyundo akaniinamia sikioni. "Dada, mezea. Mama asisikie. Pambano hili moja tu."

Nimezee! Nimeze jicho la mdogo wangu kama kidonge! Nilitamani kumwagia kocha ile chai kichwani. Lakini nikimwambia mama, Nyundo atakana, kocha ataapa, na mimi nitaonekana mwenye wivu na kazi ya mwenzangu. Nikayachora macho, yote mawili, yanang'aa, mazuri kuliko aliyonayo. Hasira ninayo, lakini mstari haukupinda.

"Hapo sasa!" kocha akasema. "Dada msanii kweli wewe."

"Bado kidogo," nikasema. Nikainua picha mbele ya uso wa mdogo wangu. "Nyundo, hebu ziba jicho la kulia, uitazame kwa la kushoto. Ziba kwa kiganja, usinipige changa la macho."

"Ya nini hiyo?"

"Si kocha kasema ni zima? Ziba."

Mama aliinua kichwa. Nyundo akaona mama anamtazama, basi akaziba. Hapo hapo nikaishusha picha, nikainua karatasi nyingine ya manila, nyeupe, haina hata nukta.

"Unaona nini?"

"Si mimi huyo?"

"Kovu la kwenye nyusi nimelipatia?"

"Umelipatia, dada. Limekaa penyewe kabisa."

"Na macho je?"

"Yote mawili yametoka safi." Akatabasamu. "Umenipendelea."

Alibaki hivyo hivyo, kiganja usoni, anaichekea karatasi tupu na kusubiri tumsifu.

Mama akachomoa pasi ukutani. Akaikunja bukta, bado ina moto, akaiweka kwenye kiti, akaikalia.

"Mama, pambano limeshatangazwa," kocha akaanza. "Watu wameshaambiwa..."

"Chai yako imeisha, kocha," mama akasema. "Mlango unaujua."

"Kuna nini?" Nyundo akauliza. "Mbona mmenyamaza? Mama?"

Nilitaka kumzaba kibao kimoja cha nguvu, wallahi. Nikaushika ule mkono aliozibia jicho, nikaushusha taratibu, aione karatasi mwenyewe.