Kupoza Breki za Nyuma

Bashiru simpendi, wala sifichi. Gereji yake inatazamana na yangu hapa Kibiti, na mtu anayekuja kuchungulia kazi ya mwenzake, mikono nyuma, mara tatu kwa siku moja, ana lake jambo.

Kazi yenyewe ilikuwa Subaru ya mdogo wangu Mudrick, ya kushindania uwanjani kesho yake. Mbio zilizopita breki za nyuma zilipata moto hadi kanyagio likazama bila kushika, akaponea chupuchupu. Niliapa haitatokea tena. Nikakata bati linaloziba diski kwa ndani, nikafunga mdomo wa kunasa upepo chini ya gari, na kutoka hapo bomba la mpira kila upande, lipulize katikati ya diski. Mama yetu, Bi Mwanaheri, alinikuta mvunguni akauliza kulikoni.

"Gari la mwanao lina moto nyuma, Mama. Lazima lipozwe."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Mchana nikalijaribu barabara ya Ruaruke, nikilikimbiza na kulibana breki mfululizo. Kipimo kilionyesha joto limepungua sana, ingawa diski zilikuwa bado za kuunguza. Nikaliacha lipoe lenyewe, nikaenda kununua mafuta ya breki.

Niliporudi, diski ya nyuma kushoto ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Mudrick angekanyaga breki na diski hiyo kwenye kona, tungemzika. Mchanga chini yake ulikuwa umelowa. Na nilikuwa nimemwona Bashiru akitoka kwangu!

Nikavuka barabara, nikamkunja shati.

"Umeimwagia maji diski ya moto! Unamtakia mdogo wangu kifo kwa ajili ya wateja?"

"Gharibu, nilikuja kuazima spana. Sikukuta mtu."

"Mwongo!"

Watu wakajaa. Mama akaja mbio, bakuli mkononi, ananukia marashi ya mawaridi.

"Mnagombania nini? Mwenzenu nimetoka kulipoza gari. Kombe la mwalimu, nimelimimina lote kwenye gurudumu la nyuma. Likachemka, nikajua husuda imetoka. Kuna nini tena?"

Shati likanitoka mkononi. Kupoza! Neno nililompa mwenyewe. Mama anajua kupoza kwa aina moja tu, kwa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, kama alivyotupoza sisi utotoni tukishikwa na homa. Alitaka mwanawe arudi salama, na ni mkono wake ambao ungemuua.

Bashiru akaweka shati lake sawa.

"Diski moja ina ufa, Mama. Niliigonga kwa nyundo bila kukusudia, ndo maana kaka kakasirika. Ninayo nyingine kama hiyo, nampa sasa hivi."

"Kumbe wewe? Mikono mizito hiyo! Ungeniulia mwanangu!"

Alimsema mbele ya watu wote. Bashiru akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, Mama." Nami nilisimama palepale, nikamwacha asemwe.