Macho Manne ya Wavu

"Tumia huo huo," alisema Bwana Waliaula, afisa wa malipo ya ulemavu, akiuelekezea kalamu mkono wa kulia wa Selpha. "Wa kushoto hatuupimi."

Selpha Anyango akauweka mkono mezani. Vidole vilivyobaki vilikuwa viwili, gumba na cha mwisho, na vyote vilikuwa vya baridi siku zote, hata mchana wa Kisumu ambao hufanya bati lilie. Mbele yake palikuwa na kipande cha wavu wa nailoni kilichokatwa makusudi kwa wembe, na sindano ya mbao iliyokwisha kujazwa uzi. Macho manne ya wavu, matundu yake, yalikuwa yamekatika. Akiyaziba, fomu yake ya malipo ya ulemavu ingesema anaweza kazi. Akishindwa, ingesema hakujitahidi. Hilo la pili Waliaula alikuwa amemwambia waziwazi, kabla hata hajaketi.

Miaka kumi na mmoja Selpha alikuwa ameziba nyavu kiwandani. Alisimama mbele ya dirisha, wavu ukiteremka taratibu kati yake na mwanga, naye akiusoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Jicho lililokatika halikumpita. Halafu Machi ya mwaka uliopita, 1990, rola ya mtambo ikaukamata mkono wake pamoja na wavu.

Aliyeuzima mtambo siku ile alikuwa Opiyo, msimamizi wa zamu yake. Alimbeba hadi kwenye gari, shati lake likiloa damu ya Selpha. Leo kampuni ilikuwa imemtuma Opiyo huyo huyo alete wavu wa kumpimia Selpha. Alisimama kando ya kabati la mafaili, ndani ya koti lililombana, akitazama sakafu.

"Min Ouma," Opiyo alimwita mama kwa jina la kifungua mimba wake, "jaribu tu. Hii kazi unaijua."

"Kwa sababu naijua ndiyo nimekuja hapa."

Waliaula akagonga meza. "Mama, watu wako kwa foleni. Kila siku mnakuja hapa na bandeji, jioni mnaonekana soko la Kibuye mkibeba magunia. Shona."

Angeweza kuiangusha sindano makusudi. Alilifikiria hilo. Akaishika. Ikamponyoka. Akaishika tena, ikamponyoka tena, na kila mara Waliaula akaandika kitu. Mara ya nne Selpha aliukandamiza wavu kwa kiwiko kwenye ukingo wa meza, akauma uzi kwa meno, akavuta. Fundo likakaza. Akavuta la pili. Kwenye la tatu, ngozi laini ya kovu ikachanika, na damu ikachora mstari mwembamba juu ya nailoni. Hakuacha. Alipouachia uzi mdomoni, jicho moja lilikuwa limezibwa, na mafundo yake yalikuwa mafundo ya kweli, yale ambayo hayatelezi majini.

"Imetosha." Waliaula alikuwa akitabasamu. "Si unaona? Anaweza."

"Dakika kumi na saba," alisema Selpha. Alikuwa ameitazama saa ya ukutani. "Jicho moja. Kiwandani kwa muda huo nilikuwa naziba arobaini. Andika hiyo pia."

"Hapa hakuna mahali pa kuandika dakika. Kuna anaweza, kuna hawezi."

Selpha akageuka. "Opiyo, mimi naweza?"

"Kampuni inasema..."

"Sijauliza kampuni. Kama naweza, nichukue kesho. Saa moja asubuhi niko getini."

Opiyo aliuokota wavu, akaanza kuukunja, akakutana na damu, akaacha. "Siwezi kukuchukua," alisema kwa sauti ya chini. "Hungemaliza hata nusu siku, nyaminwa."

Alikuwa amemwita dada, kwa Kijaluo. Selpha akamgeukia Waliaula upesi. "Umesikia. Andika."

"Bwana Opiyo," alisema Waliaula bila kuinua macho, "wewe umetumwa kuleta wavu ama kutoa ushahidi?"

Nje mtu alikohoa.

"Kuleta wavu," alisema Opiyo. Akauchukua, akatoka, na mlango ukabaki wazi nyuma yake.

Waliaula akasukuma fomu na kibweta cha wino. "Weka kidole hapa, uende nyumbani."

"Siweki."

"Usipoweka, hii faili inafungwa leo."

"Basi ifunge nikikuangalia."

"Nitaita askari."

"Mwite. Labda yeye atakuwa na fomu yenye mahali pa dakika."

Askari alikuja, mzee mwenye rungu na viatu vikubwa kuliko miguu yake. Aliitazama damu mezani, akamtazama Selpha, kisha akasimama tu mlangoni kama mtu aliyeitwa kushuhudia. Nyuma yake watu wa foleni walikuwa wamesogea. Mwanamke mmoja aliuliza yule mama amekataliwa nini, na mwingine akamweleza kwa Kijaluo, kwa sauti ya kutosha kusikika ndani.

"Funga huo mlango!" alisema Waliaula.

Hakuna aliyeufunga. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kuvuma kutoka ziwani, ukapita katikati yao, ukazoa karatasi juu ya meza na juu ya kabati. Waliaula akainuka, akazifukuza kwa mikono miwili, kisha akapiga magoti kuziokota. Askari hakusogea. Karatasi moja, ile fomu isiyo na kidole, ikateleza sakafuni mpaka kwenye kiatu cha Selpha. Akaikanyaga isiende mbali, na hakuinama kuiokota.