Mkanda Usiovutika

Mwinjuma, fundi baiskeli wa Kisarawe, alikuwa na kinyaa cha kupita kiasi, na kwa mtu aliyepata riziki yake kwa grisi na vumbi hilo lilikuwa balaa. Akikaza nati moja, anafuta mikono. Mteja akipenga kamasi barazani, kazi inasimama mpaka mahali pale pamwagiwe maji. Chai ya watu hakunywa, kwa sababu hakujua kikombe kimetoka mdomoni mwa nani. Wenzake sokoni walimcheka, naye aliwaona wao ndio wachafu, wala hakuwa amekosea sana.

Kicheko kiliwakauka siku mkewe alipoondoka.

Mwanahalima alikuwa amepata buba. Vidonda vilianza gotini vikashuka mpaka nyayoni, vikawa vinatoa maji ya manjano yenye kuvuta nzi. Mwinjuma hakumpeleka kwa daktari wala kwa mganga. Alimtengea sahani ya bati, kata ya kunywea maji, na mkeka wa peke yake uani karibu na banda la kuku. Chakula alimsogezea kwa kijiti. Kwa kijiti, mwanamke aliyempikia miaka sita! Mwanahalima alivumilia miezi miwili. Alipochoka, aliomba jambo moja tu: ampakie kwenye keria ya baiskeli ampeleke kwao Sofu, kule Kibaha, maana nyayo zilikuwa zimepasuka na kila hatua ilikuwa kisu. Mwinjuma aliitazama keria, akaitazama miguu ya mkewe, akasema baiskeli ile ni ya kazi, usaha utaingia kwenye chuma. Mwanahalima akaenda kwa miguu. Alitembea siku moja na nusu.

Baba yake, mzee Mwinyimadi, hakupiga kelele. Miezi minane baadaye, Mwinjuma alipotuma watu kuomba radhi, mzee alirudisha jibu fupi. Mke yupo. Aje mwenyewe, ampakie nyuma yake kama alivyokataa kumpakia, amrudishe Kisarawe bila kumshusha njiani hata kwenye mlima. Asipofika kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, watakwenda kwa kadhi kudai talaka.

Mwinjuma alimtaka mkewe. Hilo lazima lisemwe, ingawa mtu anaona uvivu kulisema. Nyumba ilikuwa imepooza. Alikikumbuka kicheko chake kilichotokea puani, na wali wake, na namna alivyokuwa akimwita kutoka uani bila sababu. Lakini vilima vya Kisarawe vilikuwa pale pale, na hakuna kifua cha mtu kilichoweza kuvipanda kwa pedali na mtu mzima kwenye keria. Ndipo likamjia wazo la injini.

Peke yake asingeweza. Alimwendea Nikolaus, mtu wa Maneromango, aliyekuwa dereva wa keya, jeshi la Waingereza, vitani Burma na kurudi na ujuzi wa injini ambao hakuna mwingine wilayani aliyekuwa nao. Mungu angeweza kumpa ujuzi ule mtu mwingine yeyote, akampa Nikolaus. Alitafuna tumbaku kutwa, akaitema popote. Jasho lake lilinuka kitunguu. Alichokonoa meno kwa bisibisi ile ile aliyofungulia kabureta, kisha akamkabidhi Mwinjuma, "Shika, fundi," naye Mwinjuma akaipokea kwa ncha za vidole viwili.

Fremu aliileta Nikolaus. Ilikuwa ya baiskeli ya Kimarekani ya zamani, nzito, yenye mabomba mapana yaliyopinda kama mgongo wa ng'ombe, matairi manene, na breki ya kurudisha pedali nyuma. Mpima ardhi mmoja aliiacha Maneromango kabla ya vita, na tangu hapo kuku walikuwa wakilala juu yake. Mwinjuma alijifunga kitambaa puani akakwangua mavi ya kuku kwa siku mbili.

Injini ilikuwa ya pampu ya maji, iliyotupwa kwenye shamba moja la mkonge upande wa Kibaha. Walipofungua kifuniko walikuta panya amezalia ndani. Vitoto vyekundu visivyo na manyoya vilikuwa vikijinyonganyonga juu ya uchafu wa pamba na mkojo. Nikolaus alivichota kwa mkono mtupu akavitupia paka, akaufuta mkono kwenye kaptura, akaendelea na kazi. Mwinjuma alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko kitambo.

Hata hivyo, kazi ilikwenda. Injini waliibana katikati ya fremu kwa vyuma vya kitanda. Tangi la petroli lilikuwa debe dogo. Kwenye spoku za gurudumu la nyuma walifunga duara la mbao ya mninga, lililochongwa mfereji wa kupita mkanda, na mkanda ule ndio ungechukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gurudumu. Ukikanyaga pedali mpaka injini ishike, unavuta wenzo, mkanda unakaza, baiskeli inakwenda. Ndivyo Nikolaus alivyoeleza, na ndivyo ilivyokuwa, kwa hatua hamsini. Baada ya hapo mkanda wa ngozi ya ng'ombe ulipata moto, ukavutika, ukalegea kama utambi. Walijaribu mikanda mitatu. Yote ilivutika.

Wakati Nikolaus anahangaika na mikanda, Mwinjuma alijishughulisha na kiti cha mkewe. Alikitengeneza vizuri, kwa mbao na sponji, akakifunika turubai iliyopakwa mafuta ili kitu chochote cha majimaji kisipenye. Kati ya kiti hicho na chake alisimamisha ubao, mpana, wenye kimo cha mabega.

"Ubao wa nini?" akauliza Nikolaus.

"Wa kuegemea."

"Mtu huegemea nyuma, fundi. Huu uko mbele yake."

 Mwinjuma aliupiga ubao msasa mpaka ukawa laini, akaupaka na rangi.

Shaabani ilipobaki siku tano, Nikolaus alikuja na ngozi mpya, nene, nyeusi, yenye vinyweleo vigumu huku na huku. Waliikata mkanda, na Mwinjuma akaishona miisho yake kwa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na uzi wa katani. Kushona ngozi nene kunataka mikono mitatu, mmoja wa kushika na miwili ya kushona, na kwa kuwa binadamu ana miwili, mafundi wote huushika mkanda kwa meno. Mwinjuma aliuuma asubuhi nzima, akiulowanisha kwa mate ili msharasi upite. Mchana waliufunga. Baiskeli ilipanda kilima cha bomani ikinguruma, Nikolaus mzima na mapande yake akiwa amekaa nyuma, na mkanda haukuvutika hata unywele mmoja. Watu walitoka madukani wakapiga vigelegele.

"Ngozi gani hii?" Mwinjuma akauliza, akicheka kwa furaha.

"Shemeji yangu kule Maneromango. Nguruwe mwitu walikuwa wakimmalizia mihogo, akamtega dume mmoja, mkubwa hivi."

Mwinjuma aliacha kucheka. "Nguruwe?"

"Uliniomba ngozi isiyovutika."

"Nimeishika kwa meno, Nikolaus! Nimeiramba!"

Nikolaus alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tumbaku ikamdondoka bila kuitema. "Ndugu yangu, nisamehe. Niliona ni mkanda tu, si kitoweo. Haikunijia kabisa."

Mwinjuma alitapika pale pale barabarani, mbele ya watu waliokuwa wakimshangilia. Alitapika chai, akatapika maji, akatapika uchungu wa nyongo. Kisha akaenda kisimani akausukutua mdomo mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani. Udongo ulimkwama kwenye magego mpaka siku ya pili. Kila alipomeza mate alimwona yule dume akigaagaa kwenye tope lake.

Aliutoa mkanda kwa koleo akautupa uani. Akarudisha wa ng'ombe. Kwenye kilima cha bomani ukavutika, na baiskeli ikarudi kinyumenyume mpaka mtaroni. Siku zilibaki tatu. Mwinjuma alikaa mlango wa uani akiutazama ule mkanda mweusi, kuku wakiudonoa. Mwishowe alijifunga matambara mikononi, akauokota, akaufunga mahali pake. Alijiambia kwamba unachogusa ni mbao na chuma, si yeye.

Aliondoka Kisarawe kesho yake? La, tuseme wazi: aliondoka siku ya mwisho kabisa, Shaabani ishirini na tisa, kwa sababu siku mbili za kabla yake alizipoteza akiiosha baiskeli. Alivaa kanzu nyeupe. Asingepanda lori, lenye samaki wa kukaushwa na watoto wa kutapika. Angefika mkavu, msafi, kama bwana harusi.

Kupita Kiluvya, uzi ulikatika. Mkanda ulichomoka ukamchapa kwenye paja, ukalala vumbini kama nyoka aliyepigwa. Msharasi na uzi alikuwa navyo mfukoni. Jua lilikuwa limekwisha kuelemea magharibi, na jioni ile watu wangetoka kuutazama mwezi. Aliubana mkanda kwa magoti, ukateleza. Aliukanyaga kwa mguu, ukageuka. Alijaribu kuufunga kwenye mti, msharasi ukamchoma kiganja. Matambara yalikuwa yamelowa grisi, akayatupa. Alisimama katikati ya njia, kanzu imeingia weusi, akalia kwa hasira. Kisha akafumba macho, akaupeleka mkanda mdomoni, akauma.

Ulikuwa na chumvi, na moshi, na mafuta ya zamani. Alishona huku machozi yakimtoka, tundu baada ya tundu, matundu kumi na nne. Na katikati ya karaha ile kitu kingine kikaanza kumpanda kifuani, nacho kilikuwa majivuno. Nani sasa atasema simpendi? Mume gani mwingine pwani nzima amefanya hivi kwa ajili ya mke? Alipofunga fundo la mwisho alikuwa karibu kutabasamu.

Alifika Sofu mwezi haujaonekana. Mzee Mwinyimadi alikuwa barazani na jirani zake wawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kweli." Mzee aliitazama ile mashine, nayo ilikuwa ikitoa moshi na kutetemeka. "Mwanahalima! Njoo, mumeo huyu."

Mwanahalima alitoka. Mwinjuma aliitazama miguu yake kabla ya kuutazama uso, na Mwanahalima akamwona akiitazama. Ilikuwa imepona. Alikuwa amechomwa sindano dispensari, na muda wote ule mama yake alikuwa akila naye sinia moja. Yalibaki makovu tu, meusi, makavu. Moyo wa Mwinjuma uliruka kwa furaha, na palikuwa na haya katika furaha ile, kama angekuwa mtu wa kuitambua.

Mwanahalima aliizunguka baiskeli. Aliibonyeza turubai ya kiti kwa kidole, ikatoa mlio.

"Hii ya nini?"

"Ya... mvua."

"Na ubao?"

"Wa kuegemea."

Mwanahalima alipitisha kiganja kwenye ubao ule laini, uliopakwa rangi, mahali ambapo kifua chake kingekuwa.  Mwinjuma aliona mambo yanamponyoka, akayamwaga yote kwa pupa: kuku, panya, mikanda iliyovutika, yule nguruwe, uzi kukatika Kiluvya. "Nimeuma kwa meno haya, mke wangu. Kwa ajili yako." Jirani mmoja alisema astaghafirullah, akasogeza miguu yake.

"Ukijua ni nguruwe?" akauliza Mwanahalima.

"Nikijua."

"Ukamtia kinywani."

"Kwa ajili yako!"

Mwanahalima alitikisa kichwa polepole, akimtazama mdomo. "Kumbe kinaweza," akasema. "Miezi yote ile nilidhani Mungu amekuumba hivyo, huna namna, nikawa nakuonea huruma. Kumbe kinywa kinaweza. Nguruwe kimemweza. Sahani yangu ndiyo iliyokishinda."

 Koo la Mwinjuma lilikuwa limekauka kwa vumbi, akaomba maji, maana hata adui hanyimwi maji.

Mwanahalima aliingia ndani akarudi na maji kwenye kifuu cha nazi. Hakumpa mkononi. Alikiweka chini, akaokota kijiti, akakisukuma kifuu taratibu mpaka kikafika mbele ya miguu ya mumewe. Mwinjuma aliinama akakiokota akanywa, kwa sababu alikuwa na kiu, watu wote pale barazani wakimtazama. Alipokirudisha chini, Mwanahalima alikitia kijiti ndani yake, akakinyanyua kifuu bila kukigusa, akaenda kukitupa jaani.

"Baba," akasema aliporudi, "kwa kadhi tutakwenda."

Akakiegemeza kijiti kwenye ukuta, mahali pa kukipata tena, akaingia ndani.