Dume la Levina

Levina aliacha cherehani yake mjini Kanyenye, akarudi kijijini Kwihara kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, akaanza kufuga kondoo. Alikuwa na majike manne na dume moja jekundu lenye mkia mnene, alilolifuata mwenyewe Usinge. Ufugaji hakuujua. Wiki ya kwanza aliwaachia wale majani mabichi ya mahindi yaliyolowa mvua. Jike mmoja akavimba tumbo nusura afe, na jirani yake Kashindye ndiye aliyemwokoa kwa kumnywesha mafuta ya kula. Tangu hapo Levina akawa anauliza kila kitu, hata akaitwa mama kondoo.

Jumapili moja alirudi kutoka misani akakuta dume halimo zizini. Ngozi yake ilikuwa imeanikwa kwenye uzio wa mdogo wake, Anselm, na moshi wa nyama ulikuwa umetanda uani.

"Shikamoo dada," Anselm alisema, kisu mkononi. "Wageni wamekuja kumposa binti yangu Bernadeta. Kuku wasingetosha, nikaliazima lile dume."

"Unaazimaje kitu unachokichinja?"

"Dada, usinitie aibu. Kwani lilikuwa likila kwenye ardhi ya nani? Si ya baba?"

"Ya baba, aliyenigawia mbele yako!" Miezi yote ile Anselm alikuwa akipita zizini akicheka, eti mwanamke wa mjini anacheza na wanyama. Leo wanyama wamekuwa mali ya ukoo.

Akaingia sebuleni kwa Anselm jinsi alivyokuwa, na gauni la kanisani. Wageni walikuwa wameshanawa mikono.

"Karibuni sana," alisema. "Mimi ni shangazi yake binti. Nyama hiyo ni ya dume langu la mbegu. Limechinjwa nikiwa kanisani, bila mimi kuulizwa. Sina ugomvi na ninyi, ila sitaki mle bila kujua."

Mzee Benjamini, baba wa kijana, akaurudisha mkono wake kutoka kwenye sinia. "Anselm, ni kweli?"

Anselm akatazama mlango. Bernadeta ndiye aliyejibu: "Ni kweli, mzee. Nilimwambia baba amsubiri shangazi, akanifokea."

"Basi sisi tutakula ugali na mboga za majani," alisema mzee. "Na mahari hatutayazungumza mpaka huyu mama alipwe dume lake."

Siku chache baadaye Anselm alileta dume jeupe, kubwa, lililonona. Levina akalishika pembe, akainama, akapapasa nyuma ya tumbo. Damu ikampanda upya.

"Limehasiwa hili!"

"Dada, dume ni dume."

"Ulidhani sitatazama? Unanilipa deni kwa kunidanganya mara ya pili?" Akaliburuta kwa kamba hadi mlangoni pa Anselm, akalifunga pale mchana kweupe, watu wakitoka kisimani. Kila aliyeuliza akamweleza, bila kupunguza neno.

Anselm akapanda gari kwenda Usinge. Aliporudi na dume zima, Levina alikuwa ameketi zizini akimpunguza jike kwato. Akaosha mikono, akalikagua meno, macho na nyuma ya tumbo.

"Nimelipa, dada. Hasira ziishe sasa."

"Dume umelipa," alisema Levina. "Hasira ni zangu, zitaisha nikitaka mimi. Lifunge pale, kisha ufunge lango unapotoka."

Akakishika tena kisu chake cha kwato, akamvuta jike karibu.