Bei ya Mama Christiane

Octave hakuwa fundi wa kupima paa kwa mita peke yake. Kabla ya kuandika devis, ile karatasi ya bei ambayo kila mwenye nyumba wa Likasi huidai kwanza, alikuwa anaomba maji ya kunywa. Basi! Ukimletea maji kwenye glasi safi, juu ya kisahani, umejiokoa: kwenye mstari wa mwisho, ule wa imprévus, mambo yasiyotazamiwa, atakuongezea kumi kwa mia. Ukimwonyesha bomba, ishirini. Ukimwuliza, "Maji ya nini, ulikuja kunywa ao kufanya kazi?" hapo ni thelathini, na usilalamike, maana ni wewe utakayemng'olesha misumari mara tatu. "Bati halina maneno," alikuwa akisema. "Mwenye bati ndiye mwenye maneno."

Na maji hayakuwahi kumdanganya. Kutoka Panda mpaka Kamatanda ameezeka nyumba nyingi, na hakuna hata moja iliyomtia hasara.

Sasa tazama mambo ya dunia. Siku moja papa Damas, mjomba wa Claire, akamletea ujumbe: paa la Mama Christiane linavuja, na mama anataka Octave alete devis kama mafundi wengine. Mama Christiane ni mama mzazi wa Claire, na Claire ndiye ambaye Octave alitaka kumwoa tangu Pasaka ya mwaka juzi. Facture ya mahari, kama tunavyoiita orodha ya vitu vya kulipa, ilikuwa imeshaandikwa, toka mbuzi wa mama mpaka kostimu, yaani suti, ya mjomba. Ilibaki mama akubali tu. Na mama huyo, Mungu amtunze, kambi yote ya Panda inamjua. Mafundi watatu walishalikimbia paa lile. Mmoja aliacha hadi nyundo yake.

Octave akaenda. Akapanda ngazi, akapima, akahesabu mbao zilizooza, akashuka na koo kavu, na mdomo ukafunguka wenyewe kuomba maji. Akaufunga haraka. Maji? Kwa mama mkwe? Yeye, mtoto wa familia ya Kasai, asijue kwamba mkwe hali wala hanywi mbele ya mama wa mke wake, hata macho hamkazii? Mama Christiane mwenyewe alikuwa amekaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na maneno yote yalipitia kwa Damas, ingawa kila mtu alisikia vizuri kabisa. Maskini Octave! Kipimo chake kilikuwa kimenyang'anywa.

Basi akaandika mabati, mbao, misumari, siku kumi za kazi. Alipofika kwenye imprévus, mapenzi yakamshika mkono. Akaandika sufuri.

Mimi ningekuwepo ningempiga kibao. Rahisi huvunja upishi! Lakini nani ana akili akishapenda?

Karatasi ikaingia nyuma ya pazia. Kisha miwani ikasikika ikitupwa mezani.

"Damas, uliza mukwe: hii sufuri ni ya nani?"

"Octave, mama anauliza..."

"Nimesikia, papa. Ni... ni heshima yake."

"Yaya, dada yangu, anasema ni..."

"Heshima!" Pazia likatikisika. "Minye Christiane, sufuri? Bafundi batatu balikimbia hapa, na minye mwenyewe njo nilibafukuza! Kwa Mama Viviane, jirani yangu, uyu alitia ishirini, na ule mama hata kuku haimuogope. Damas, mwambie hivi. Fundi mwenye kuogopa kuniambia bei yangu, kesho ataogopa kila muntu, atatumika kazi bure. Na mutoto yangu atakula hiyo heshima na nini? Na sombe ya muhogo? Aandike bei ya kweli. Akidanganya tena, abebe ngazi yake, na facture ya mahari nitaipasua."

Claire, aliyekuwa anafua uani, akaacha kufua. Alisimama na sabuni mkononi, akimtazama Octave bila kupepesa. Octave akaona njia zote mbili ni mbaya. Akiacha sufuri, amempoteza. Akiandika ukweli, mama anaweza kuona ametukanwa, na hapo amempoteza vilevile. Akaikata sufuri, akaandika thelathini, namba kubwa iliyopinda.

Karatasi ikaingia tena.

Halafu Claire akaitwa ndani. Akatoka na glasi ya maji, safi, juu ya kisahani, imefunikwa kitambaa cheupe kukinga vumbi.

"Aende anywe nyuma ya ukuta, nisimwone," sauti ikasema. "Habari ya maji yake niliisikia zamani. Claire na yeye beko bananicheka, banafikiri minye sijue."

Octave akaenda nyuma ya ukuta, akanywa yote, akarudi na glasi tupu.

"Damas, uliza mukwe: maji ilikuwa muzuri?"

"Muzuri sana, mama," Octave akajibu mwenyewe, akimsahau mjomba.

"Glasi ilikuwa safi?"

"Safi, mama."

"Na kisahani?"

"Na kisahani."

"Haya. Sasa bei yangu ni ngapi?"

Mama yo! Claire akafumba macho. Kumi ilikuwa imekaa kwenye ncha ya ulimi wa Octave, inaomba kutoka. Akamtazama Claire, kisha akatazama juu, kwenye matundu ya misumari ya wale mafundi watatu.

"Thelathini, mama."

Nyuma ya pazia kikatoka kicheko, kicheko cha tumboni ambacho Panda ilikuwa haijakisikia tangu mume wake alipokuwa hai.

"Njo huyu! Huyu atalisha mutoto yangu. Damas, shika kalamu. Minye najijua, nilitenga arobaini. Ile kumi yenye kubakia, namurudishia ku mahari. Futa kostimu."

"Kostimu yangu?" Damas akaruka. "Yaya! Na minye njo nilibeba maneno yenu tangu asubui!"

"Maneno gani, Damas? Si minye na mukwe tulikuwa tunasikiana?"