Ushindi wa Tingatinga Unaopotea

Matokeo ya mapigano ya mafahali yalikuwa yakipotea katika kompyuta ya chama kule Malinya, tena si ya kila mtu. Ni ya Tingatinga tu, fahali wa mzee Shikanga. Mara tatu alishinda, mara tatu rekodi ikabaki tupu, na bila ushindi uliosajiliwa hangeingia fainali ya Jumamosi.

"Huyu msichana wa Mumias amehongwa," Shikanga akatangaza. "Ng'ombe za wengine zinaandikwanga. Yangu inamezwanga."

Msichana mwenyewe ni Swafia, aliyeutengeneza mfumo huo wa kurekodi matokeo, na kamati ilimpa siku hiyo moja tu: apate kosa au afungashe virago. Alikuwa ameweka kumbukumbu ndogo ya muda, yenye kasi, mbele ya diski kuu kuukuu, ipokee matokeo upesi kisha iyahamishe taratibu. Akaingiza mapigano hamsini ya kubuni, fahali mmoja akampa jina la mwenyekiti. Yote yakakaa. Hata mwenyekiti alishinda, mtu ambaye jogoo humfukuza uani kwake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Swafia akaacha kuisoma programu, akaketi pembeni mwa ofisi kuwatazama watu.

Alasiri Tingatinga akashinda tena. Teresa, karani wa chama, akaandika, kisha akasoma kiooni kwa sauti: "Imehifadhiwa." Papo hapo Shikanga akaingia ofisini mbio, akachomoa waya wa kompyuta, akachomeka spika yake kwenye soketi ile ile, akashika kipaza sauti na kuusifu ukoo wa fahali wake hadi nyanya yake mzaa mama. Washindi wengine walijisifu kwa midomo mitupu.

Swafia alicheka akashika mbavu. "Wallahi, mzee Shikanga, mchawi wako ni wewe! Umeme ukikatika kabla diski kuu haijamaliza kuandika, matokeo yanapotea."

Wanakamati waliokuwapo wakaangua kicheko. Shikanga akakitazama kioo cheusi.

"Lakini Teresa amesoma hapa ati imehifadhiwa."

"Ndiyo."

"Na ilikuwa bado."

"Bado kidogo."

"Sasa huo uongo, mashine ilifundishwa na nani?"

Kicheko kikahamia upande wa pili. Swafia aliona haya hadi masikio yakamwaka, maana yeye ndiye aliyeamuru neno lile litokee mapema, ili mfumo wake uonekane una kasi.

"Mimi," akasema.

Mzee akamsogezea kipaza sauti. "Semea hapa. Watu wa nje hawajasikia."