Alama kwenye Mdeki

Nimechoka, niseme tu ukweli. Miaka thelathini na mmoja nasugua masizi ya baruti kwenye mitutu ya watu, na kucha zangu zimesahau rangi niliyozaliwa nayo. Mume wangu ndiye fundi. Mimi ni mke wa fundi, maana yake nafanya nusu ya kazi na sifa sipati hata robo.

Miaka miwili sasa macho yake yana ukungu. Bado anafungua skrubu na kujaribu mitambo, lakini kwa kupapasa. Nikampigia simu binti yetu: baba yako atajilipua siku moja, njoo ujionee mwenyewe, maana neno "funga" akilisikia kwangu ananuna siku tatu. Binti akaomba ruhusa kazini, akaja. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi la karakana, mikono kifuani, kama mkaguzi. Fundi alijua fika kilichomleta. Kosa moja tu mbele yake na karakana inafungwa, na bila karakana sijui mzee wangu angekuwa anaamkia nini.

Kazi ya kwanza ilikuwa gobori la Nakuja-Sasa-Hivi, mlinzi wa mashamba anayefukuza nguruwe mwitu. Jina tumempa sisi, kwa sababu akikwambia hivyo, wewe hesabu wiki. "Halina kitu, mama, safisheni tu," alisema, huyoo akaenda zake.

Gobori hujazwa mdomoni: baruti, kitambaa, gololi, kisha unashindilia kwa mdeki, ile fimbo yake ndefu. Huwezi kuchungulia ukajua kama lina kitu. Kwa hiyo mwenye bunduki hukata alama kwenye mdeki. Ukiuingiza na alama ikalingana na mdomo wa mtutu, ni tupu. Alama ikibaki juu, ogopa.

Ila kwetu alama ya mtu hatuiamini, hata awe shemeji. Tunautoa mdeki, tunaulaza nje kando ya mtutu, alama ikiwa mdomoni, tuone ncha inafika wapi. Ikifika kwenye kitundu cha moto kule nyuma, pale cheche inapoingilia, sawa. Napima mimi, anapima yeye, na kila mmoja anasema kwa sauti, "Tupu."

Gobori hili lilikuwa balaa. Kutu mpaka basi, na kitundu cha moto kimeziba, maji ya sabuni yasingepita. Hapo inabidi ufungue kizibo cha nyuma, na kizibo kilichoshikwa na kutu hakisogei mpaka kionje moto. Jiko la mkaa lilikuwa limeshakolea.

Simu ya binti ikalia, akatoka nje kuipokea. Nikaingiza mdeki. Alama ikakaa sawasawa na mdomo, wala haikuzidi unywele. Kuulaza nje? Mgongo ulikuwa unaniuma, na usiku kucha nilikuwa nabishana na shuka. Sikuulaza.

"Tupu," nikasema.

"Umeulaza nje?"

"Nimeulaza."

Uongo ulinitoka bila hata kuutafuta.

Fundi akabeba mtutu kwa mikono miwili kuelekea kwenye jiko la mkaa. Binti akarudi, akaketi palepale kwenye benchi, anamtazama baba yake. Hatua moja kabla ya mkaa, mzee akasimama. Akachuchumaa, akaomba mdeki, akaanza kupapasa.

"Hebu wewe," nikamfokea, "miaka yote hii bado huniamini? Mkaa unaisha!"

"Mkaa unauzwa dukani," akasema. "Mke je, anauzwa wapi?"

Nikasonya. Yeye akapapasa ncha ya mdeki, kisha akatafuta kitundu cha moto. Katikati akaweka vidole. Vikaenea vinne. Akapima tena, vikaenea vinne vilevile.

"Mdeki mpya huu," akasema polepole. "Bado unanukia mti. Mwenyewe kaukata alama bunduki ikiwa imeshajazwa."

Tukamimina maji mdomoni, tukangoja, kisha akavuta kwa skrubu ndefu. Kikatoka kitambaa, ikatoka gololi, ukatoka uji mweusi wa baruti, mwingi. Ule mtutu ungelazwa kwenye makaa, mdomo ungetazamana na benchi la mwanangu.

Binti akaruka. "Baba! Ulikuwa unaupeleka motoni! Nani alisema ni tupu?"

Mume wangu hakugeuka upande wangu hata kidogo. Alifuta gololi kwa kitambaa, taratibu, kama ana siku nzima.

"Macho, mwanangu," akasema. "Macho haya."

"Basi imetosha. Tunafunga leo."

"Haya," akasema fundi. "Tufunge."

Sikilizeni, sitajisafisha. Ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kesho ningelala mpaka jua lichomoze, nioshe mikono mara moja na ikae imeoshwa. Nilinyamaza. Binti akaanza kukusanya makopo ya mafuta, baba yake akamsaidia, akitafuta kila kitu kwa vidole mahali alipokiweka miaka thelathini na mmoja iliyopita, na hakukosea hata kimoja.

"Acha," nikasema.

Binti akageuka.

"Mimi ndiye niliyesema tupu. Sikuulaza mdeki nje. Aliniuliza, nikamdanganya. Baba yako ndiye aliyepima."

"Mama, usimtetee."

"Simtetei! Nilikuita uje umwone anavyoshindwa kazi. Aliyeshindwa ni mimi. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka mpaka nilikuwa nakuua."

Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, bila aibu. Mume wangu akaja akipapasa meza, akafika nilipo, akatafuta fundo la aproni yangu mgongoni.

"Nami nangoja mwaka mzima uniambie umechoka," akasema, akalifungua.